Mjane Aliyepimiwa Mimba kwa Macho

Amefariki mchora piko wa mtaa wetu wa Mji Mkongwe, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua mikononi, aliyewapamba maharusi tangu mimi sijaolewa. Amezikwa juzi, na wanawake walijaa matangani hadi ukumbini kwa jirani. Waliolia kwa sauti kuliko wote ni wale wale waliomfungia ndani kwa ndimi zao, na sioni haya kusema kuwa nawadharau.

Mwaka jana tumbo lake lilianza kujaa. Alikuwa mjane, hedhi imeshakatika zamani. Akila matonge mawili ameshiba, na haja ndogo haimpi nafasi ya kumaliza mkono mmoja wa bibi harusi. Mtaa ukampimia mimba kwa macho. Siku moja, harusini Mwanakwerekwe, mama mmoja aliyejaa dhahabu hadi viwikoni alimuuliza mbele ya watu, "Bi mkubwa, hiyo miezi mingapi? Tujue, tukuletee uji." Wakacheka. Yeye aliendelea kuchora, kisha akaninong'oneza, "Nkenda hospitali watasema nimekwenda kuitoa. Bora nkae kwangu." Akakaa. Waliomhurumia walimletea dawa ya chango, maana kwetu kila kinachomuuma mwanamke chini ya kitovu ni chango, na kila mwenye chungu cha mizizi ni tabibu.

Nilipofanikiwa kumpeleka kwa daktari, aliambiwa ni saratani ya ovari, viungo viwili vidogo vinavyotunza mayai ya uzazi, na imeshaenea. Nikauliza kama kila uvimbe wa ovari ni saratani. Daktari akasema hapana, mwingi ni vifuko vya maji visivyodhuru, na vingine huondoka vyenyewe. Lakini tumbo kujaa, kushiba upesi na maumivu ya nyonga yakiendelea kwa wiki kadhaa, hasa kwa aliyekwisha kukatika hedhi, hayo ni ya kupimwa. Sisi tunajua mkufu wa bibi harusi gani ni wa kuazima, ovari hatujui iko wapi. Ustaarabu gani huu, unaoona haya kutaja kiungo cha mwili lakini hauoni haya kuzua?

Kwenye hitma, yule mama wa dhahabu alinishika mkono. "Ndo kadari ya Mungu, mwanangu."

"Kifo ni kadari, Bi. Ule uzushi ulikuwa wako."

Akaomba asogezewe halua.

Basi, msomaji, ukimwona mwanamke ambaye tumbo lake limejaa na halipungui, msindikize akapimwe. Ukishindwa, funga mdomo apite.