Kifusi Juu ya Paa la Rachel

Jua halijapanda vizuri juu ya vilima vya Mbololo, na Silvanus Maghanga tayari yuko kwenye kiwanja chake, mikono nyuma. Nyundo na mtaimbo ameviacha kwenye chumba alichopanga, kule chini madukani. Hajaja kujenga. Amekuja kutazama udongo.

Anatembea polepole kwenye ukingo wa chini wa kiwanja. Anakanyaga hapa, anasimama, anakanyaga tena. Mbele ya viatu vyake kuna lundo kubwa la kifusi chekundu lililoinamia bondeni, na chini ya lundo hilo, karibu mno, kuna paa la mabati linalofuka moshi wa jikoni.

"Baba Wakesho, umekuja kuona kama limehama?" anauliza mwenye paa, Rachel, akichungulia na mwiko mkononi.

"Bado liko, Mama Donald."

"Basi shuka unywe chai kabla halijabadilisha nia."

Silvanus anacheka kidogo, lakini hashuki mara moja. Ni fundi wa mawe. Kwa miaka mingi amejenga kuta za kuzuia udongo katika vilima hivi, nyingi zikiwa za watu wengine. Siku ikiwa nzuri hurudi na shilingi elfu moja na mia mbili. Mvua ikinyesha, hurudi na matope. Kiwanja hiki ndicho cha kwanza kujijengea mwenyewe, na ndicho cha kwanza kusimamishwa.

Ardhi ni ya marehemu baba yake. Ilipogawanywa, kaka zake wakubwa walichukua sehemu za chini. Yeye, kitinda mimba, akapata kipande cha juu, penye mteremko mkali.

"Sikulalamika," anasema. "Huku kwetu ukitaka uwanja unauchonga."

Kuchonga uwanja kuna utaratibu wake. Fundi huchimba upande wa juu wa mlima na kuutupa udongo upande wa chini, hadi apate sehemu tambarare ya kuweka nyumba. Lakini huchimba kidogo, kisha hujenga ukuta wa mawe kuushikilia udongo ule, ndipo achimbe tena. Ukuta na shimo huenda pamoja.

Safari hii havikwenda pamoja, na Silvanus hasiti kusema sababu. Majirani wa mtaa huo husaidiana kwa zamu katika kazi nzito. Yeye amesaidia wengi, kwa hiyo siku yake ilipofika aliwaomba watu wachache tu. Walikuja wote. Walikuja hadi wale ambao ukuta wao aliujenga zamani akawa amesahau.

"Mtu ameacha shamba lake, amebeba jembe lake, utamwambia arudi nyumbani?" anauliza. "Itakuwa matusi. Wakachimba. Nikawaambia pumzikeni, wakasema wewe ndiye upumzike."

Donald, mtoto wa kwanza wa Rachel, alichimba kuliko wote. Rachel mwenyewe ndiye aliyewapikia pure ya mahindi na maharagwe, na anakumbuka akiwahimiza wasimwachie fundi kazi nusu. Jioni ilipofika, uwanja wote ulikuwa umekwisha, na udongo wote ulikuwa umelala mteremkoni juu ya nyumba yake bila jiwe hata moja la kuuzuia.

"Tulifurahi sana," Rachel anasema. "Tuliimba tukishuka."

Silvanus alipanga kujenga ukuta wiki iliyofuata. Kabla hajaweka msingi, alifika Derrick, afisa kijana wa mipango ya ujenzi kutoka Voi, akiwa kwenye pikipiki ya kazi. Alikuwa akizunguka kueleza kanuni mpya za kujenga kwenye miteremko. Kwa mujibu wa kanuni hizo, mteremko ukizidi kiwango fulani, hakuna kujenga bila mchoro wa mhandisi na kibali.

Silvanus alimwonyesha uwanja. Akaweka pima maji yake chini, kipovu cha hewa ndani yake kikatulia katikati kabisa.

"Sasa hapa pana mteremko gani, afisa?"

Derrick aliinama akakitazama, akatabasamu. "Mzee, wewe umepima ulipochimba. Mimi napima mlima."

Silvanus anakiri kwamba jibu hilo lilimwingia. "Alisema kweli. Niliona aibu na kile kipimo changu pale chini."

Ugumu ulianza baadaye. Derrick aliandika amri ya kusimamisha kazi yote, akapaka alama nyekundu kwenye mwamba. Silvanus akauliza kama anaweza kujenga ukuta tu, bila nyumba, ili kifusi kisishuke. Derrick akafikiri, akasema ukuta pia ni ujenzi. Akauliza kama anaweza kukiondoa kifusi. Derrick akasema kuhamisha udongo kwenye mteremko ndilo hasa jambo lililokatazwa.

"Na nikiuacha?"

"Ukiuacha ni hatari," Derrick alijibu. "Nimeandika hivyo kwenye ripoti."

Akiulizwa kwa simu, Derrick hakatai maneno hayo. Anaongea kwa upole, kama mtu ambaye naye amelifikiria jambo hili akiwa peke yake. Anasema kanuni ziliandikwa kwa mtu anayetaka kuanza, na kwa aliyemaliza zamani, ambaye nyumba yake inaachwa ilivyo. Aliyefika katikati hakutajwa. Amewauliza wakubwa wake na bado anasubiri.

"Mzee Silvanus mimi simwoni kama mkosaji," anasema. "Lakini nikimruhusu yeye kwa mdomo, kesho nitamkatazaje mwingine? Na ukuta ule ukianguka, ni mimi niliyeruhusu."

Mhandisi aliyependekezwa alisema hawezi kuchora mahali penye amri ya kusimamisha. Amri, Silvanus aliambiwa, huondolewa kibali kikipatikana. Kibali hutaka mchoro. Silvanus husimulia hayo taratibu, akihesabu kwa vidole, kisha hufika mwisho na kuvitazama vidole vyake.

Alifunika kifusi kwa turubai. Upepo ukalipasua.

Sasa mawingu ya vuli yameanza kukaa juu ya kilele kila alasiri. Rachel amehamishia vitanda vya watoto chumba cha mbele. Ameshauriwa ahamie kwa dada yake kule Rukanga, lakini ana kuku, ana mahindi shambani, na hajui angehama hadi lini.

"Nimkasirikie nani?" anauliza huku akimmiminia Silvanus chai. "Huyu? Huyu amejenga choo changu. Yule kijana wa Voi? Anataka tusifukiwe. Mtoto wangu ndiye aliyechimba."

Silvanus anakunywa, anaweka kikombe chini. Anasema ameamua jambo, ingawa hajui kama ameamua vizuri. Jumatatu ataanza ukuta. Atajenga ukuta tu, nyumba ataiacha, hata ikiwa ni milele. Akishaweka safu ya kwanza ya mawe atashuka Voi, aende ofisini kwa Derrick amwambie mwenyewe, asije akasikia kwa watu.

"Watakushika," Rachel anasema.

"Labda."

"Nani atamalizia ukuta?"

Hilo fundi hakuwa amelifikiria. Anageuka kukitazama kifusi, kisha anamtazama Rachel.

"Basi nitaenda Voi nikiwa nimemaliza," anasema. "Mvua ikinipa nafasi."

"Na hiyo ndiyo sheria?"

"Sijui, Mama Donald. Nataka tu ulale."