Kikombe cha Saa Sita Mchana

Kudra wa Mzenga alikuwa mtoto wa tumbo kubwa na miguu myembamba, akizimia kila alfajiri. Alipofika miaka tisa daktari alieleza: ini lake linaweka akiba ya sukari lakini haliwezi kuitoa. Ni ugonjwa wa kurithi, kwa baba na kwa mama, na ukoo ule ulikuwa umeoana sana binamu kwa binamu. Dawa yake ni wanga mbichi wa mahindi, ukorogwe kwa maji baridi, anywe kila baada ya saa chache maisha yake yote.

Sasa mweleze hayo shangazi yake, Mwanamvua! Kila Ramadhani alimwita kobe, jina la wanaokula mchana, tena mbele za watu. Kudra alipokuwa na miaka kumi na sita, shangazi alimpokonya kikombe saa sita mchana akakimwaga mchangani. Binti alipokwenda kuteka maji alianguka kando ya kisima, mwili mzima ukitetemeka. Alipopata mchumba wa Mlandizi, shangazi huyo huyo akaenda kuwanong'oneza wakwe kuwa binti hafungi, posa ikavunjika. Kudra alihamia Soga na cherehani yake, na hakusamehe. Hata mimi nisingesamehe.

Ramadhani iliyopita, Kudra akiwa na miaka thelathini na nne, shangazi alibisha hodi na mjukuu mgongoni. Hamza, miaka miwili, tumbo kubwa, macho yamelegea. Kudra hakutoa shikamoo.

“Daktari katupatia unga kama wako,” shangazi alisema. “Lakini kila alfajiri anazimia.”

“Unaupika?”

“Napika uji. Mtoto atalishwaje unga mbichi?”

“Ukiupika haumfikishi asubuhi.” Kudra aliukoroga mbichi kwa maji baridi, akamnywesha Hamza kwanza, maana mtoto hakuwa na kosa. “Nitakufundisha kumnywesha asiteme. Lakini barazani kwako, Ijumaa, saa sita mchana.”

Ijumaa hiyo watu walikuwa wakielekea msikitini. Mwanamvua, midomo imekauka kwa saumu, alikoroga vikombe viwili, cha Hamza na cha Kudra. Kudra alikunywa taratibu.

Jirani yao Hashiru alisimama. “Kudra, mchana huu?”

“Mjibu, shangazi.”

“Anaumwa.”

“Hajakusikia.”

“Anaumwa tangu kuzaliwa!” Mwanamvua aliangua kilio. “Nilimwita kobe, nikamwaga dawa yake!”

Kudra alimkabidhi kikombe kitupu.

“Kioshe. Saa kumi utakoroga tena, hapa hapa. Na kesho.”