Mashine Iliyokuja kwa Bodaboda

Nichekeni kabisa mmalize, kwa sababu mtaa wetu mzima wa Katandala umeshacheka, wauza nyanya wamecheka, hata yule fundi cherehani ambaye hacheki na mtu, nilipokwenda kuchukua gauni langu, aliniuliza kama nitalijaribu kwa mwili au nitaliuliza maswali kwa Kifipa. Aibu nimeiona mpaka imeisha, kilichobaki ni hasira, na hasira yenyewe nimeigawa mafungu matatu: moja la mashine, moja la Gaspari, na lile kubwa, lile la kubebwa na watu wawili, ni langu mwenyewe.

Mimi nakaa mapokezi kwenye kampuni moja ya kununua mahindi hapa Sumbawanga mjini. Wakulima wakishusha magunia kutoka Laela na kwingineko mimi ndiye wa kwanza kuwaona, naandika jina, natoa namba, nawaambia wasubiri foleni ya kupimiwa unyevu, maana mahindi mabichi hatupokei hata ulie. Gaspari ndiye kijana wetu wa kompyuta. Zamani kazi yake tuliielewa: anapita meza kwa meza kugombana na flashi zetu, anatulazimisha kubadili nywila (yangu ilikuwa jina la mwanangu Ima, na ya Skola wa mizani ilikuwa Ima vilevile, maana Skola ni mvivu wa kufikiria), akimaliza anakunywa chai. Mwaka huu makao makuu wakamletea akili mnemba ya kulinda mtandao, inakesha yenyewe, inanusa wezi yenyewe, inafunga mlango yenyewe, na ile kazi aliyokuwa anaisukuma wiki nzima ikawa inaisha kabla chai haijapoa. Tukajua atafukuzwa. Kumbe kazi imehama tu.

"Mashine zinajilinda, Mama Ima," aliniambia. "Mimi nimebakiziwa nyinyi."

Yaani sisi watu. Akasema wezi nao wana akili mnemba yao, hawahangaiki tena kuvunja kompyuta, wanaongea vizuri na mwenye kompyuta mpaka awafungulie mlango mwenyewe, kwa hiyo kazi yake mpya ni kututega yeye kabla hawajatutega wao. Nikamwona mpuuzi. Siku mbili baadaye ukaingia ujumbe kwenye simu yangu, Kiswahili safi, wenye heshima zote: "Shikamoo Mama Ima, ni mwalimu wa Ima wa chekechea. Picha za watoto zimetoka, Ima amependeza sana, bonyeza hapa umwone." Sasa jamani, mama gani huambiwa mwanawe amependeza akaacha kubonyeza? Nikabonyeza. Ikatokea karatasi nyekundu imejaa kioo kizima: UMENASWA.

Jumatatu kwenye kikao jina langu likasomwa mbele ya watu wote. Peke yangu! Hata mlinzi wetu hakunaswa (mlinzi wetu ana simu ya tochi isiyo na intaneti, lakini hilo hakuna aliyelitaja). Nikamrukia Gaspari palepale, "Unamtumia mwanangu kama chambo?" Akajibu bila hata kupepesa, "Wezi nao watamtumia, dada, na wao hawatasoma jina lako kwenye kikao." Meneja akasema mtu wa mapokezi ndiye mlango wa kampuni, na mlango ukifunguka ovyo mara ya pili atautoa pale na kuupeleka ghalani ukapepete mahindi. Mlango ni mimi. Na mume wangu ni dereva wa lori, wiki nzima yuko njia ya Tunduma, kwa hiyo nikipelekwa ghalani kuanzia alfajiri, nani atamvalisha Ima viatu?

Gaspari akatuonya kwamba jaribio linalofuata litakuwa la sauti. Mashine itapiga simu, italia, itaita jina lako, itapumua kama mtu. Skola akauliza tutaijuaje, kwa sababu zamani utapeli tuliujua kwa Kiswahili kibovu na sasa mashine inaongea kama mwalimu mkuu. Gaspari akasema, "Kata simu. Halafu piga mwenyewe namba ya shule unayoijua. Basi." Nilimsikia vizuri sana. Tatizo ni kwamba dawa hiyo niliiona haina utamu, kwangu ilikuwa kama kumshinda mtu kwa kukimbia. Mimi nilitaka kumshinda na watu waone.

Ndipo nikaja na akili yangu. Nikamwambia, hebu iulize hiyo mashine yako kitu kwa Kifipa, lugha yetu ya hapa. Akaiuliza. Ilivyojibu, mbavu zetu! Ilichanganya maneno ya makabila sita, Kifipa chenyewe hakikuwemo, Skola akakaa chini kwa kucheka. Nikatangaza kwa sauti, mbele ya mashahidi, kwamba kuanzia siku ile anayenipigia kwa namba ngeni atajibu kwanza kwa Kifipa, akishindwa si mtu, ni bati. Wenzangu wakapiga makofi. Jamani, uamuzi mdogo tu huo, wala haukufika dakika mbili.

Alhamisi saa nne asubuhi, mapokezi yamejaa wakulima, simu yangu ikaita. Namba ngeni.

"Mama Ima? Mimi Madam Kabula, mwalimu wa Ima, nimeanza wiki tatu zilizopita. Ima ameingiza punje ya mahindi puani, tumejaribu haitoki. Naomba uje tumpeleke hospitali."

Nyuma yake nilisikia watoto wanalia. Nisiwadanganye, mkoba nilishaushika niondoke. Halafu nikakumbuka picha za Ima, nikakumbuka karatasi nyekundu, nikakumbuka kwamba mwalimu wa Ima ninayemjua ni mwingine (mimi huwahi kazini, nikishamvalisha Ima hupelekwa na mwenye nyumba wangu pamoja na wajukuu wake, kwa hiyo habari za mwalimu mpya zilinipita kama basi la Mbeya). Nikasema moyoni, Gaspari umerudi. Nikaweka simu kwenye spika. Nikaiinua juu kama padre anayeinua kitabu, nikawakonyeza wenzangu, na kwa Kifipa cha bibi yangu, kile cha ndani kabisa, nikamwuliza ameamkaje, na jana usiku kwao walikula nini.

"Samahani mama, sijaelewa. Ima anaumia."

"Haa! Bati hilo!" nikasema. Skola akaacha mizani akaja mbio kuona. Nikarudia swali, polepole, kama ninavyomwambia mtu kiziwi.

"Mama, mimi ni Msukuma, Kifipa sikijui. Tafadhali njoo."

Na hapa ndipo nilipotamka lile neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka nikiwa naosha vyombo hupigapiga sufuria. Nilisema, "Siku hizi hata mashine ina kabila!" Mapokezi yakalipuka kwa kicheko, wakulima wakagongana mabega, isipokuwa mzee mmoja mwenye kofia ya pama aliyekaa kwenye benchi la pembeni. Yeye alinitazama tu. Nami nikamalizia, "Mwambie aliyekutengeneza akufundishe kwanza adabu, mtoto wangu si chambo," nikakata. Ikaita tena, nikakata. Ikaita mara ya tatu, nikaifungia namba kabisa, isiweze kunipata hata itake. Nikaandika kwenye kundi la ofisi: "Mlango umefungwa. Mashine imelala chali." Vidole gumba vikamiminika, hata cha meneja.

Baada ya kama dakika ishirini hivi Gaspari akaja kutoka kwenye kompyuta ya mizani, simu mkononi, anatembea kama mtu aliyekanyaga kitu.

"Mama Ima, mashine ipi?"

"Yako. Ya punje puani. Nimekushinda, kubali."

"Mimi sijatuma kitu. Jaribio la sauti ni wiki ijayo, hata sijaliandaa."

Wenye kuzimia huwa wanasema walisikia baridi. Mimi nilisikia mahindi. Nilikumbuka kwamba punje za kuhesabia pale chekechea nilizipeleka mimi mwenyewe, kimfuko kizima, kutoka hapahapa kazini, nikajisifu ninakofanya kazi na kwamba nimechangia elimu. Natafuta namba ya mwalimu mkuu, nabonyeza vitu vingine kabisa, na Gaspari ananiambia "pumua dada, pumua," ningekuwa na nguvu ningemtupia kitabu cha wageni. Kabla sijaipata namba, pikipiki ikasimama mlangoni.

Akashuka dada mmoja mrefu, sketi imejaa vumbi la njia, amembeba Ima kifuani. Ima ameinamisha kichwa upande mmoja kama kuku anayesikiliza. Aliponiona akasema kwa sauti ya kubanwa, "Mama, pua yangu imekula hindi."

Nikainuka nimchukue. Madam Kabula hakumwachia upesi. Alisimama katikati ya mapokezi yaliyojaa, akanyoosha mkono wake mmoja mbele yangu.

"Haya, nipime. Nishike. Ni bati?"

Walewale waliocheka wakawa wanaangalia dari, dari yenyewe haina hata pambo.

"Wasukuma tumezoea kuambiwa mengi hapa," akasema, hakupaza sauti, afadhali angepaza. "Tumeambiwa ng'ombe wetu wamekula mashamba, tumeambiwa turudi kwetu. Lakini kuambiwa mimi si mtu, nimekusikia wewe wa kwanza. Na mwanao njia nzima amenishika shingo anauliza mama yuko wapi. Nimemwambia mama ana kazi. Ulitaka nimwambie nini?"

Yule mzee wa pama akainuka kwenye benchi, akamsalimia kwa Kisukuma. Dada wa watu akageuka, akapiga goti kidogo, akamjibu, na wakaongea maneno matatu manne ambayo mimi sikuelewa hata moja. Mzee akanigeukia.

"Mimi nimemwuliza kwa lugha yetu, amejibu," akasema. "Wewe nikikuuliza, utajibu? Ukishindwa, tukuite nani?"

Nilitamani ghala liniangukie. Nikasema samahani, ikatoka kama kikohozi, nikaanza upya, na katikati ya samahani ya pili vijana wa ghalani, ambao hawakujua lolote, wakafungua mlango wa nyuma kumwaga gunia kwenye chekeche. Vumbi la mahindi likaingia mapokezi kama wingu. Nyinyi mnalijua vumbi lile, linawasha mpaka kope. Ima akakunja uso. Akafungua mdomo. Akapiga chafya moja, chafya ya mtu mzima, ya mzee mwenye ugoro, na punje ikatoka puani kama risasi, ikagonga simu ya Gaspari ta! na kudondoka juu ya kitabu cha wageni, imevimba, inang'aa.

Mzee wa pama akainama, akaitazama, akasema, "Hilo nalo mkalipime unyevu. Mtalikataa."

Alianza kucheka Ima, kisha Skola, mwisho nikamwona Madam Kabula ameziba mdomo kwa mkono wake uleule wa bati na mabega yanamtikisika. Hospitali tulikwenda hata hivyo, sote watatu kwenye pikipiki moja, daktari akaangalia akasema pua ni nzima, mama ndiye anatetemeka.

Ghalani sikupelekwa. Meneja alisema kosa langu halimo kwenye kanuni zozote, na Skola akaandika kwenye ubao wa matangazo kwamba mimi ndiye mtu wa kwanza kufeli mtihani ambao haujatungwa. Gaspari alikuja kwangu jioni na soda, hana raha. "Zamani nikikosea, kompyuta inazima, nawasha," akasema. "Sasa nikikosea, mama anamkataa mwalimu wa mwanawe. Hii kazi hawakunifundisha chuoni." Nilikunywa soda. Sijamsamehe, lakini nilikunywa.

Madam Kabula nilimfuata kesho yake asubuhi, nikachelewa kazini kwa makusudi, nikamwomba radhi mbele ya geti bila spika. Akanisikiliza mpaka mwisho, mikono kifuani. Akasema amesamehe, ila kuna utaratibu mpya: mtoto hapokelewi mpaka mama ajulikane kama ni mtu.

Kwa hiyo sasa Ima nampeleka mwenyewe, nimeomba kuingia kazini nusu saa baadaye na nusu hiyo nailipa jioni. Na nimeapa, siku yoyote simu ikiita ikasema mwanangu ameumia, sitapima, sitauliza, sitatafuta wa kunipigia makofi. Nitakata, nitapiga namba ya shule ninayoijua, na hata kabla haijapokelewa miguu yangu itakuwa barabarani. Akinidanganya mwizi nikakimbia mpaka shuleni, ataniibia nini? Nitamkuta Ima anacheza, nitamfuta kamasi, nitarudi.

Ila kila asubuhi ni lazima nipite pale getini. Wazazi wamepanga mstari, bodaboda wamezima injini makusudi ili wasikie, Madam Kabula amesimama kama mlango wa kampuni, haongei, ananingoja. Namwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, Madam."

Naye humgeukia Ima. "Eti Ima, ni mtu huyu?"

Na yule mtoto niliyemzaa kwa uchungu hunitazama juu mpaka chini, akafikiri, akasema, "Bado kidogo. Mama, rudia."