Fundi Aliyekata Akiba ya Suruali Yake

Fundi wangu wa nguo wa Alunguli, hapa Kindu, tulimzika juma lililopita. Homa imemchukua akiwa na umri wa kutosha, na hadi alipolala kitandani alikuwa bado anatunga uzi kwenye sindano kwa mkono wake mwenyewe. Nina huzuni, wasomaji wangu, tena kubwa, ila habari ya mtu huyu inanichangamsha mno na siwezi kuiandika kwa kununa.

Kabla ya vita alikuwa na tumbo la kutangulia mlangoni, na alikuwa na kisukari cha aina ya pili. Macho yakamfanyia ukungu, akaanza kuogopa kwamba cherehani itamponyoka. Vita ikaja, treni ikakoma, na Kindu nzima tukaishi kwa mihogo na sombe, majani yake. Tulikonda sote, naye akakonda. Siku moja akatunga uzi kwa jaribio la kwanza tu, akashangaa, akaenda hospitali kupimwa. Sukari ilikuwa imeshuka karibu na ya mtu mwenye afya. Muganga akamwambia, “Papa, mafuta ya tumboni njo yalikuwa yanazuia mwili kutumia sukari. Yameisha, njo maana imeshuka. Lakini haujapona. Uzito ukirudi, na sukari itarudi.” Miaka ile kazi yake ilikuwa kupunguza nguo za watu, na kitambaa kilichozidi hakukikata kamwe, alikikunja ndani ya mshono. Alisema amani ikija watu watanenepa, watakihitaji.

Amani ikaja kweli. Kwetu mtu akinenepa ndiyo vita imemtoka mwilini, basi ndugu wakamletea mchele wa Kibombo na mawese, mkewe akapika kwa furaha, naye akawa anaachia mishono ya suruali yake huku majirani wakimpongeza. Sukari ikarudi, na ukungu nao. Safari hii akaamua kukonda kwa hiari: wali kidogo, chai bila sukari, na wateja akawafuata kwa miguu kuwapima. Sukari ikaanza kutelemka tena, suruali akaibana upya, muganga akampunguzia dawa, na mji ukaanza kunong'ona. Aliyeumia zaidi ni mkewe.

“Baba ya watoto,” alimwambia mbele yangu, nikiwa nimeenda kuchukua kanzu, “kule soko wanasema mimi njo nakunyima chakula. Kula basi, unihurumie.”

Fundi alivuta suruali yake iliyokuwa kando ya cherehani, akaipindua, akachukua mkasi, akakata akiba yote ya kitambaa kandokando ya mshono. “Mama, sasa hata nikitaka kunenepa, suruali itakataa. Unataka mume munene ao unataka mume mwenye kuona sura yako?” Mama akalia, halafu akacheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo, aliyemchokoza sokoni alijibiwa, “Niko namulisha muzuri, njo maana iko mwembamba.”

Nieleweke vizuri. Anayekonda bila kutaka, huku kiu na mkojo havimwishi, asijisifu, akapimwe upesi, maana huenda sukari yenyewe ndiyo inamla. Ninayemsifu mimi ni mnene mwenye kisukari anayejipunguza akijua anachofanya, na muganga wake akijua. Vita ilitukondesha kwa nguvu, haitudai shukrani. Yule bwana alifanya lile lile wakati sahani imejaa mbele yake na mji mzima unamhimiza ale, na kwangu huo ni ushujaa mkubwa kuliko mengi tunayosimuliana ya miaka ile.

Baada ya matanga mjane alinipa suruali ile. “Shemeji, vaa. Alikupenda.” Nikaingia chumbani kuijaribu, ikagoma mapajani. Nikaipindua nitafute kitambaa cha kuachia. Hakikuwapo hata cha upana wa kidole. Nimeitundika ukutani, mbele ya meza ninapoandikia haya, na kesho asubuhi, kabla ya chai, naenda kupimwa sukari.