Pofu Aliyesimama Mbele ya Jiko, Sirisia

Nilienda Sirisia kwa sababu Wafula alinipigia simu. Ni askari wa wanyamapori, na aliwahi kupanga nyumba yangu hapa Matisi, Kitale. Alisema pofu dume, yule swala mkubwa kama ng'ombe, ameteremka kutoka mlimani, mguu wa nyuma umevunjwa na waya wa mtego, na mkubwa wake ameamuru amalizwe. Wafula hajawahi kupiga mnyama mkubwa hivyo. Akimjeruhi tu, pofu atakimbia kati ya nyumba za watu akizidi kuteseka. Mimi shule niliacha darasa la pili, lakini kabla serikali haijapiga marufuku uwindaji niliwabebea wawindaji bunduki miaka mingi. Pofu namjua.

Asubuhi niliondoka Kitale kwa pikapu yangu, niliyonunua kwa viazi vyangu mwenyewe. Mpaka Kimilili barabara ni nzuri. Baada ya Chwele nilikwama kwa matope, wakulima wakanisukuma huku wakiniuliza kama nimekuja kulima barabara. Nikawaambia nitawapandia viazi nikirudi.

Sirisia nilimkuta Wafula nje ya boma la wakwe zake, kwa maana pofu hakuchagua pengine pa kuingia. Alikuwa kwenye migomba, anahema, nzi wamejaa kwenye kidonda. Nilimhurumia. Wafula pia nilimhurumia.

Tulilala kifudifudi nyuma ya mabua ya mahindi, shemeji yake akiwa kando. Nikamwambia Wafula asiangalie ile ngozi inayoning'inia shingoni, inadanganya macho. Asubiri pofu asimame ubavu, afuate mguu wa mbele kwenda juu, na agawe kifua mafungu matatu toka chini. Risasi iingie pale fungu la kwanza linapoishia. Huko ndiko moyo uliko.

Pofu akageuka ubavu. Nyuma yake nikaona kibanda cha jiko cha udongo, kinatoa moshi.

"Nani yuko ndani?"

Wafula akamwangalia shemeji yake. Shemeji akaangalia mahindi.

"Nauliza nani anapika."

"Si ni mama mkwe," Wafula akasema. "Hawezi toka, mzee. Mimi niko hapa."

Kwao mwanamume na mama mkwe wake hukwepana kwa heshima. Alipomwona tu Wafula, mama alijifungia jikoni, na hakuna aliyethubutu kumtoa. Wafula alitumaini ukuta utazuia.

"Na risasi unadhani ina heshima?" nikamwambia.

Mimi si mkwe wa mtu pale. Nilizunguka polepole nyuma ya ghala, nikaongea na mama kupitia ukuta wa jiko. Akakataa. Leso yake iko kwa nyumba kubwa, atapitaje kichwa wazi? Nikavua koti, nikampitishia mlangoni. Akatoka amejifunika mpaka machoni, nikamwongoza hadi nyuma ya ghala. Wafula uso aliulaza mchangani.

"Amepita," nikasema niliporudi kwenye mahindi.

Pofu alikuwa bado ubavu, ametanguliza mguu wa mbele. Wafula akapiga risasi moja. Mnyama akaenda hatua chache, akapiga magoti, akalala. Hakuteseka tena.

Tulipoangalia, risasi ilikuwa imetokea ng'ambo, imepenya ukuta wa jiko na kutoboa sufuria. Maji ya ugali yalikuwa yamezima moto.

Mama alisikia habari hiyo akiwa bado nyuma ya ghala.

"Mwambie mkwe wangu amepiga vizuri," akaniambia. "Halafu mwambie ugali itachelewa."

Jioni nilirudi Kitale. Wale wawindaji walinifundisha risasi iingie wapi, si itokee wapi, maana huko porini nyuma ya mnyama kulikuwa na nyasi tu. Kuuliza kwanza nani anapika, hilo nimefundishwa Sirisia, na mvi zangu hizi.