Mgongo wa Kaka Yangu

Nilipokuwa mtoto, kwetu Matambarale, nilikuwa siwezi kuziacha karanga zikomae. Ua likishanyauka, mkaranga hushusha kijiti kama sindano, kikaingia udongoni, na huko chini ndiko unakozaa. Mimi nafukua nione. Mama ananipiga kofi la kisogo: “We mtoto! Ukifukua unakikata! Kisichoonekana ndicho tutakachokula!”

Shule niliishia darasa la pili, basi yafuatayo nayasema nilivyoyasikia.

Wazungu walipokuja Nachingwea kulima karanga zao kwa matrekta, mimi na kaka yangu tulipata kazi, yeye dereva, mimi wa kupaka grisi. Chakula cha kambi kilikuwa kibaya, lakini hayo tuyaache. Kulikuwa na mzungu mmoja wa kupima udongo, mpenda maneno. Siku moja kaka akamuuliza, udongo ukisagwa mpaka mwisho, hubaki nini?

“Vitu vidogo mno,” akasema. “Vimo katika chuma, katika maji, ndani yako. Kabla hujakipima kimoja, huwezi kusema kiko hapa au pale.”

“Kama mwizi, bwana! Asipoonekana si mwizi!” akasema kaka. Tukacheka.

“Hapana. Mwizi ana mahali alipo, hata usipomwona. Hiki chenyewe bado hakina mahali. Kipimo ndicho kinachokipa.”

Kaka hakucheka tena.

Haukupita muda, akaegemea bomba la moshi la trekta. Sisi tulisikia harufu ya shati likiungua. Yeye hakusikia hata moto mgongoni. Jioni akaniita nyuma ya ghala.

“Mdogo wangu, nitazame mgongo. Kuna mahali pamekufa.” Nikashika shati. “Ngoja kwanza. Sasa hivi naweza kuwa bado mzima, sivyo?”

“Kaka, yale ni mambo ya udongo.”

“Na mimi si udongo?”

Nikalipandisha shati. Baka lilikuwa hapo, limepauka, kama lile lililomwanza mjomba wetu kabla ukoma haujamla vidole. Nikamwambia, “Lipo, kaka.”

“Basi,” akasema, “nimeshaonekana.”

Najua baka lilikuwepo kabla ya macho yangu. Mzungu alisema vile vidogo tu, hakusema migongo ya watu. Lakini mpaka leo huwa nalirudisha lile shati chini, kichwani mwangu.

Tukarudi nyumbani, akamwambia mkewe yeye mwenyewe, hakuwa mtu wa kuficha. Asubuhi shemeji akamtengea ugali peke yake, na maji kwenye kopo. Mtoto alipokwenda kumkalia baba yake mapajani, mama yake akamvuta mkono. Alikuwa analia, shemeji wa watu.

“Siku zote umelala nami na mgongo huu huu,” kaka akamwambia.

“Twende hospitali, kaka,” nikasema. “Wanasema dawa imepatikana.”

“Nitakwenda.”

Akanawa, akashika njia ya shambani, siyo ya hospitali. Kwenye karanga za mama akazunguka pembeni asizikanyage. Hakugeuka, wala hakurudi tena.