Nilivyomhurumia Kuku Ukweni

Aibu hii niliificha muda mrefu, lakini mchumba wangu Kadzo ameshaisambaza nusu ya Malindi, basi bora muisikie kwangu. Nilikwenda kwao Ganda kujitambulisha kwa wazazi wake, na nilitaka waone kijana mwenye utu, ili posa yangu isipate kikwazo.

Basi nimeketi na baba yake, shikamoo nimeshatoa, soda mkononi, mara kaka yake Kadzo akapita na kuku kamning'iniza miguu juu kichwa chini, anampeleka kuchinjwa kwa heshima yangu. Na mimi, badala ya kunyamaza, nikakumbuka video niliyoiona kwenye simu, kuku wamesongamana vizimbani hata kugeuka hawawezi, nikaanza kuhubiri: kuku naye huumia, kubebwa vile ni mateso, nyama ya mnyama aliyeteswa hainipiti kooni. Nilisema mpaka soda ikapata moto. Mzee akatikisa kichwa taratibu, nikadhani nimemgusa moyo.

Kumbe wameniamini. Chakula kilipokuja, wenzangu wakapakuliwa wali na kuku wa nazi, mimi mama mkwe akaniwekea bakuli la mchunga (ile mboga chungu, na siku hiyo ilikuwa chungu kwelikweli). Akasema kwa upole, "Wewe mwanangu nimekupikia chako, tusije tukakukosesha raha."

Nikala huku natabasamu, macho yakisindikiza kila paja kinywani mwa mzee. Mwishowe nikasema nakwenda kunawa, harufu ikanipitisha hadi jikoni (jikoni kwa mama mkwe, ambako mkwe hatii mguu hata nyumba ikiungua), nikafunua sufuria, nikachomoa kipande, kifuniko kikaniponyoka kikabingirika hadi miguuni pa mama mwenyewe, mlangoni.

Akanitazama, mchuzi unanichuruzika kiwikoni. "Ee mwanangu, hata akiwa sufuriani bado wamhurumia?"

Kadzo naye, nyuma yake, akanimaliza. "Mama, huyu kila Ijumaa ala kuku na chipsi mjini, na hajauliza hata siku moja kuku yule alifugwa vipi."

Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyoniuma zaidi. Kuku wa pale alikuwa amezurura uani maisha yake yote. Wangu wa Ijumaa nilikuwa namjua kwa pilipili tu.

Mzee akaagiza nipewe sahani. Kisha akasema posa ataifikiria kwanza, maana mtu mwenye kauli mbili juu ya kuku mmoja, kwa mke atakuwa nazo ngapi?

Nimeapa huruma yangu nitaipeleka dukani, kabla sijanunua, na ugenini mdomo nitaufungua kwa kula tu. Jibu la mzee bado nalingoja.